Muhogo Mchungu Angani: Namna ya Kuisoma Nuru ya Nyota Yenye Mkia

(Hotuba iliyotolewa jioni moja katikati ya Desemba, ufukweni Raskazone, Tanga, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na wavuvi. Imeandikwa hapa karibu kama ilivyosemwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti wa mtaa, walimu wenzangu, kina mama mlioacha masufuria jikoni, wavuvi mliokubali kuchelewa kuingia majini kwa ajili yetu, na nyinyi wanafunzi wangu mliobeba mikeka: nawashukuru sana.

Kabla sijataja nyota hata moja, geukeni nyuma mtazame bahari. Zile taa kule nje ni za wenzetu walioondoka tangu magharibi kufuata dagaa. Kwa macho zote ni nukta nyeupe, huwezi kusema hii ni taa ya aina gani na ile ya aina gani. Wiki iliyopita nilikaa pale kwenye ngazi na kipande cha DVD. DVD ukiichokonoa ubavuni kwa wembe huachana pande mbili, na upande mmoja hubaki kama kioo kitupu. Kioo hicho kina mifereji myembamba ajabu, kiasi cha 1,350 katika milimita moja. Ukikiweka mbele ya jicho na kutazama taa ya mbali, pembeni ya taa hutokea utepe wa rangi, kama upinde wa mvua ulionyooshwa.

Taa ya kwanza niliyoitazama ilikuwa na utepe mzima, kuanzia nyekundu hadi zambarau, bila pengo. Ya pili ilikuwa na buluu kali, halafu giza kidogo, halafu kijani na manjano yaliyotandaa. Ya tatu haikuwa na utepe. Ilikuwa na vipande tu: kimoja cha kijani, kimoja cha zambarau, kingine chekundu, na katikati yake weusi. Nikaandika kwenye daftari: karabai, LED, balbu ya tyubu. Asubuhi nikaenda diko la Deep Sea, wanakoshushia samaki, kuwauliza wenyewe. Nahodha mmoja aliniangalia sana, kisha akasema, "Mwalimu, kwani jana usiku ulikuwa chombo gani?" Nikamwambia sikuwa chombo chochote, nilikuwa nchi kavu, ngazini.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Nuru haiji mikono mitupu. Hutoka pale ilipowashwa na habari za kilichoiwasha, na mwenye kujua kuipambanua huzipata habari hizo bila kupanda chombo. Ule utepe wa rangi wataalamu huuita spektra, na chombo cha kuutazamia huitwa spektroskopu. Kwa njia hiyo binadamu amejua nyota zimeumbwa kwa vitu gani, ingawa hakuna aliyewahi kuigusa hata moja. Mwaka 1868 wanaastronomia waliona kwenye nuru ya Jua mstari wa manjano usiolingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Wakakipa jina la Jua kwa Kigiriki, heliamu. Ilipita miaka 27, hadi 1895, ndipo gesi hiyo ikapatikana duniani. Na ni heliamu hiyo hiyo iliyotangazwa mwaka 2016 kuwa ipo ardhini kwetu Rukwa. Jina lake lilitoka kwenye nuru ya Jua kabla halijatoka kwenye udongo.

Sasa tuje kwenye jiko. Mama mmoja ametuazima jiko lake la gesi, na chumvi hii ni ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Tazameni nikiinyunyiza motoni. Mnaona manjano? Hiyo ni sodiamu. Kwenye spektroskopu manjano hayo ni mistari miwili iliyobanana, mmoja kwenye nanomita 589.0 na mwingine kwenye 589.6 (nanomita ni kipimo kidogo mno, hapa cha urefu wa wimbi la nuru), na haibadiliki. Chumvi ya Tanga, chumvi ya Uvinza, sodiamu iliyo angani, mistari ni ile ile. Chumvi ikiisha kuungua, tazameni mzizi wa moto, pale chini kwenye matundu. Kuna buluu yenye ukijani. Kina mama mnapika nayo kila siku na pengine hamkuitilia maanani. Ndani ya rangi ile kuna atomu za kaboni zilizoshikana mbili mbili, zinazong'aa kijani. Naomba mziweke akilini hizo, tutazikuta tena mbali sana na jikoni.

Hapa lazima nitenganishe maneno. Wengi wetu huita kimondo kila kinachong'aa kikiwa na mkia. Kimondo ni kile kinachokata anga ghafla na kupotea kabla hujamwita mwenzako. Kikifika chini ni jiwe au chuma, kama kile cha Mbozi. Nyota yenye mkia, au nyotamkia, hukaa angani siku na wiki, kila alfajiri ikiwa imesogea kidogo. Nayo si nyota. Ni bonge la barafu na vumbi, mara nyingi la kilomita chache tu, linalotoka mbali sana na kulizunguka Jua. Likikaribia Jua barafu huwa mvuke, mvuke hubeba vumbi, na hapo ndipo tunapoona kichwa na mkia.

Nuru yake ni ya namna mbili zilizochanganyika. Vumbi huakisi tu nuru ya Jua, kwa hiyo utepe wake ni wa Jua. Gesi hung'aa yenyewe baada ya kuchochewa na Jua, na utepe wake ni wa vipande vipande, kama ile balbu ya tyubu kule baharini. Wa kwanza kuitazama nyotamkia kwa spektroskopu alikuwa Giovanni Battista Donati, Florence, Italia, mwaka 1864. Alitarajia pengine kuona nuru ya Jua iliyoakisiwa. Akaona mapande matatu yenye kung'aa. Hakujua ni ya nini. Miaka minne baadaye William Huggins, kwenye kituo cha kutazamia nyota alichojijengea nyumbani kwake London, aliipata nyotamkia nyingine yenye mapande yale yale. Akachukua gesi yenye kaboni, akapitisha cheche za umeme ndani yake, akaziweka spektra mbili pamoja na kuzilinganisha. Zikalingana. Pande kubwa la kijani huanzia karibu na nanomita 516, na ndilo lililomo kwenye mzizi wa moto wa jiko hili. Kwa hiyo ukiona picha ya nyotamkia yenye kichwa cha kijani, unajua unachokiangalia: kaboni mbili mbili.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa kidato cha tatu, aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. Kama kichwa ni kijani, mbona mkia si kijani? Jibu lilikuwa limekisiwa tangu miaka ya 1930, lakini limethibitishwa maabara mwaka 2021 huko Australia. Nuru ya Jua inayozifanya kaboni zile zing'ae ndiyo hiyo hiyo inayozivunja. Katika umbali kama wetu kutoka Jua hudumu siku mbili hivi, kisha huachana. Hazifiki mkiani. Swali la mtoto wa Tanga na swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka tisini ni moja.

Nije sasa kwenye jambo ninalotaka kukaa nalo, maana linatuhusu.

Mwaka 1881 Huggins aliipiga picha spektra ya nyotamkia na akaona pande jingine, kwenye ncha ya zambarau, karibu na nanomita 388. Hiyo ni kaboni iliyoungana na naitrojeni, iitwayo sianojeni, ndugu wa sumu ya sianidi. Wataalamu wakaandika, wakaendelea na kazi. Miaka 29 baadaye, Februari 1910, nyotamkia ya Halley ilipokuwa njiani, ikatangazwa kutoka kituo cha Yerkes, Marekani, kwamba spektra yake inaonyesha sianojeni. Na Dunia ilitazamiwa kupita kwenye mkia wake Mei ya mwaka huo. Magazeti yakachukua neno moja tu: sumu. Watu katika miji mikubwa yenye shule na vyuo wakaziba matundu ya funguo na nyufa za madirisha. Wengine wakauziwa vidonge vya kujikinga na nyotamkia. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Mei ukapita. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa kwetu, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Kukakucha, hakuna aliyedhurika.

Kulikuwa na kosa gani? Spektra haikudanganya. Sianojeni ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni kiasi. Gesi ya mkia ni nyembamba kuliko uwazi wowote ambao maabara za siku zile ziliweza kuutengeneza. Ingegawanywa kwenye hewa yote ya Dunia usingepata hata chembe ya kukukereketa koo.

Mtu wa Tanga angeweza kuwafundisha hili. Bibi zetu wanajua muhogo mchungu una sumu. Sumu yenyewe ni sianidi, ile ile. Hawakuukimbia kwa sababu una sumu. Walijua uupi ni mtamu wa kutafuna shambani na uupi ni wa kuroweka, kwa siku ngapi, kisha kuanika makopa juani hadi yakauke kweli. Hawakujua jina sianidi, lakini kiasi walikijua. Walioogopa mwaka 1910 walijua jina, kiasi hawakukijua. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: atakayekuja kwako na jina la sumu peke yake, muulize ni kiasi gani, na imepimwaje. Swali hilo linafaa kwenye nyota, kwenye dawa, na kwenye ujumbe wa simu unaokufikia saa sita usiku ukikwambia usambaze haraka.

Kupima kiasi ndiko kazi ngumu ya watu wa spektra. Mwaka 1882 nyotamkia kubwa ya Septemba ilipita karibu mno na Jua, ikaonekana mchana kweupe. Mistari ya sodiamu, hii ya chumvi, ikawaka ndani yake, kisha ikaonekana na ya chuma. Ikaaminika kwamba metali hazipati kuwa mvuke mpaka nyotamkia iungue hivyo karibu na Jua. Imani hiyo ilidumu hadi 2021, wataalamu wanaotumia darubini kubwa zilizoko Chile walipotoa habari kwamba mvuke wa chuma na nikeli umo hata kwenye nyotamkia zilizo mbali na Jua, kwenye baridi ambayo chuma hakiwezi kuyeyuka, seuze kuwa mvuke. Mistari yake ilikuwemo muda wote kwenye spektra zilizokwisha kupigwa, dhaifu, katikati ya mingine.

Kuhusu maji nitapita haraka, ingawa najua wavuvi wangependa nikae hapo. Katika maji ya bahari hii, kila atomu 6,400 hivi za haidrojeni, moja ni nzito kuliko wenzake. Watu wamekuwa wakipima uwiano huo kwenye nyotamkia ili wajue kama bahari ilitokana nazo. Mwaka 2011 nyotamkia ya Hartley 2 ilionekana kuwa na maji yanayofanana na ya kwetu. Mwaka 2014 chombo cha anga cha Rosetta kilipata kwenye nyotamkia nyingine uwiano unaozidi mara tatu, na mwaka 2024 hesabu zikarudiwa na kuonyesha kuwa vumbi huenda ndilo lililoupandisha. Shauri bado halijakatwa. Nyinyi wanafunzi mnaweza kulikuta mezani.

Nimewahi kujaribu mwenyewe. Siku ya mwisho ya Septemba 2024, saa kumi na moja na robo alfajiri, nilisimama hapa hapa. Mashariki, juu ya mstari wa bahari, ilikuwepo nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, mkia umesimama wima kama moshi wa tanuri siku isiyo na upepo. Wavuvi waliokuwa wakirudi walizima mashine wakaitazama. Nikafunga kioo changu cha DVD mbele ya kamera, nikapiga. Nikapata ukungu mweupe tu. Niliporudi nyumbani nikaelewa kwa nini. Nyota ni nukta, kwa hiyo utepe wake hukaa mwembamba na mistari husomeka. Nyotamkia imetandaa, na kila sehemu yake hutoa utepe wake, tepe zikalaliana, mistari ikafutika. Inatakiwa kwanza kuibana nuru ipite kwenye ufa. Ndiyo sababu visanduku hivi mlivyoviona mezani, vilivyotengenezwa kwa boksi la viatu, vina nyembe mbili zilizotazamana, zimeachiana nafasi ya unywele. Ufa huo hupunguza nuru, kwa hiyo kwa nyotamkia itahitajika darubini ya kuikusanya kwanza. Kwa moto na kwa taa kisanduku peke yake kinatosha. Na tafadhali, asijaribu mtu kukielekeza kwenye Jua.

Sasa inueni vichwa. Imekaribia saa tatu, na nyota ninayotaka kuwaonyesha iko utosini. Tafuteni Kilimia. Wazee wanakijua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kipo kule, upande wa kaskazini-mashariki. Nyosheni mkono, mpime shubiri moja na nusu kuelekea kusini-magharibi. Hapo ni kwenye kundi la nyota liitwalo Nyangumi, na hapo ndipo inapokaa Mira. Kwa sisi tulioko nyuzi tano kusini mwa Ikweta, hupita karibu kabisa juu ya kichwa. Ulaya, ilikogunduliwa, huiona chini zaidi, kupitia hewa nene. Sisi tumepewa mahali pazuri.

Usishangae ukikuta pengo. Mira ni nyota badilifu. David Fabricius aliiona Agosti 1596, ikafifia mbele ya macho yake, akadhani imekufa. Mwaka 1609 akaiona tena. Mzunguko wake ni siku 332 hivi. Wakati mmoja huonekana wazi kwa macho, na miezi kadhaa baadaye huwezi kuiona bila darubini. Nuru yake hupungua mara mamia, na mizunguko mingine zaidi ya mara elfu.

Inazimikaje? Ni nyota kubwa iliyozeeka, hujaa na kunywea kama kifua cha mtu aliyelala. Lakini joto lake lote halipungui kwa kiasi hicho hata kidogo. Spektra ndiyo iliyofichua siri. Nyota inapopoa, ndani ya hewa yake hutokea oksaidi ya titaniamu, yaani metali ya titaniamu iliyoungana na oksijeni, ambayo hula nuru ya rangi tunazoziona. Kwenye utepe wake unaona mapande meusi, kama ngazi iliyokatwa kwa msumeno, yakizidi weusi kadiri inavyofifia. Nyota imejivika pazia lake yenyewe. Titaniamu hiyo si ngeni kwetu. Ule mchanga mweusi mzito unaoachwa na maji kwenye fukwe za huku Tanga na Pangani, unaong'ang'ania sumaku kidogo, umo titaniamu. Mkiushika mkononi, mmeshika kinachoizima Mira.

Inapokaribia tena kung'aa, mistari ya haidrojeni huwaka katikati ya mapande yale meusi, kwa sababu wimbi la mshtuko linapanda kutoka ndani na kuipasha gesi. Alfred Joy wa kituo cha Mount Wilson, alipokuwa akisoma spektra za Mira ilipofifia, aliona nuru isiyokuwa yake, ya nyota nyingine ya moto iliyojificha pembeni. Mwaka 1923 Robert Aitken akaielekezea darubini, akaikuta. Utepe uliiona kabla ya jicho.

Na kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza niliacha kitabu nikatoka nje. Mwaka 2007 darubini ya anga ya GALEX, iliyokuwa ikiona miali ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni, ilikuta Mira ina mkia. Mkia wa kweli, wa gesi inayoachwa nyuma nyota ikikimbia kilomita 130 kila sekunde. Urefu wake ni miaka 13 ya nuru, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 13 kuupita, na imechukua miaka 30,000 kuutandaza. Wazee wetu walipoita nyotamkia "nyota" tuliwasahihisha darasani, tukawaambia si nyota. Basi nyota yenye mkia ipo, na iko hapo utosini kwenu.

Ninachowaomba ni kidogo. Kila usiku usio na mawingu, tangu sasa hadi Aprili Jua litakapokaribia kuifunika, mmoja wenu atazame pale. Jirani yake mwenye kung'aa ni Menkar, jina la Kiarabu lenye maana ya pua. Linganisha: Mira imezidi Menkar, imepungua, au haionekani? Andika tarehe, saa, na ulichoona, hata kama ni "haionekani". Chama cha watazamaji wa nyota badilifu cha Marekani, AAVSO, kimekuwa kikikusanya taarifa za namna hii tangu 1911, na hupokea kutoka kwa mtu yeyote aliye makini. Daftari litakaa shuleni, kabati la maabara, rafu ya juu. Mwaka kesho tutachora mchoro wetu wenyewe, wa Tanga.

Nimesema mengi na wavuvi wanasubiriwa na maji. Visanduku viko sita. Jiko bado linawaka, na taa za baharini zipo. Bibi, wewe uliyekaa mbele, anza. Elekeza ufa kwenye moto, hapa chini kwenye buluu, jicho liwe kwenye tundu hili. Polepole. Sasa utuambie unaona nini.